Baisikeli ya Mpakani na Ukuta Wetu

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa kumbukumbu ulioitishwa na Kamati ya Jamii. Msemaji ni mkaazi wa kambi, aliyekuwa fundi wa viti vya baisikeli mjini Busia.)



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha leo tukiwa wazima. Naishukuru pia Kamati kwa kunipa nafasi hii. Nimepewa dakika ishirini nizungumze juu ya vyombo vya safari katika historia ya mpaka wa Kenya na Uganda. Kichwa hicho ni kirefu kuliko elimu yangu. Mimi si mwalimu wala mwandishi wa vitabu. Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu mjini Busia, upande wa Kenya, ilikuwa kushona viti vya baisikeli za boda boda, vile vya nyuma vinavyokaliwa na abiria. Kwa hiyo mtanisamehe nikikaa zaidi pale ninapopajua.

Nina sababu ya pili ya kusimama hapa, na ni vizuri niitaje mapema. Kama mnavyojua, ukuta wa mbele wa ukumbi huu utachorwa picha za jinsi tulivyofika kambini. Mchoro wa kwanza umebandikwa pale mlangoni, na wiki mbili sasa zimepita. Una lori, una basi, una gari jeupe la shirika lenye bendera na antena ndefu. Ni mchoro mzuri na vijana wetu wamejitahidi. Lakini baisikeli haimo. Nilipouliza katika kikao, baadhi ya wenzangu walisema kwamba baisikeli ni picha ya umaskini na magendo, na kwamba wageni wakiiona watatudharau. Mwenyekiti aliniomba nijibu hadharani na kwa utulivu. Nitajaribu.

Wenzetu mliotoka Sudan Kusini na Kongo hamkupitia huko, basi niwaonyeshe mahali. Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja Kenya na mwingine Uganda, na barabara moja inaipasua yote miwili. Ukienda kaskazini utafika Malaba, ambako mto wa jina hilo ndio mpaka. Kutoka hapo si mbali na Tororo, mji ulio chini ya mwamba mkubwa unaoonekana kutoka mbali, wenye kimo cha mita 1,483 kutoka usawa wa bahari. Busia ya Uganda ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo hadi mwaka wa 1997 ilipopewa wilaya yake. Wasamia wako pande zote mbili za mpaka. Wateso vilevile. Mtu anaweza kumzika shangazi yake Uganda asubuhi na kulala kwake Kenya usiku, na asione kwamba amesafiri.

Mpaka huo wenyewe umewahi kusafiri kuliko sisi. Reli kutoka Mombasa, iliyoitwa Reli ya Uganda, ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Siku ile Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda, kwa maana mkoa wa mashariki wa Uganda ulifika hadi karibu na Naivasha. Mwezi wa Aprili 1902 Waingereza waliusogeza mstari hadi huku magharibi, na Reli ya Uganda ikajikuta haina hata hatua moja katika nchi iliyoipa jina. Watu wa Kisumu walilala Uganda wakaamka katika nchi nyingine, bila kufunga hata kifurushi. Nawaambia haya ili tusidhani kwamba mpaka ni kitu kilichoumbwa pamoja na mito.

Kabla ya reli, mizigo ilikuja vichwani mwa wapagazi, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa karibu kilo thelathini. Halafu katika miaka ya 1890 ikachongwa njia ya magari ya kukokotwa na ng'ombe, iliyoitwa kwa majina ya Mackinnon na Sclater. Ilitoka pwani, na mwisho wake ulikuwa Busia. Kwa hiyo Busia ilianza kama mahali pa mtu kushuka na kuuliza atavukaje. Hali hiyo haijabadilika sana.

Reli ilikuja kuvuka mpaka baadaye, kupitia Eldoret na Malaba hadi Tororo, mwishoni mwa miaka ya 1920. Ikafika Kampala mwaka wa 1931. Tororo ikawa njia panda: mkono mmoja unakwenda Jinja na Kampala, mwingine Mbale na Soroti, na mwaka wa 1964 ule wa pili ukafika Pakwach karibu na mto Nile. Wazee wa Tororo niliowakuta walikuwa bado wanapanga saa zao kwa filimbi ya treni, hata treni yenyewe ilipokuwa inakuja mara chache.

Sasa tazameni jinsi wenye nguvu walivyochora vyombo hivi. Reli ya Uganda ilitoa tangazo la rangi mwanzoni mwa karne iliyopita, lenye treni na wanyama wa porini, likiwakaribisha mabwana wakubwa wa Uingereza waje kukimbia baridi ya kwao. Mwaka wa 1935 serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika zilitoa stempu za posta za pamoja. Ndani yake mna jahazi katika Ziwa Victoria, mna daraja la reli la Jinja, mna simba, mna korongo mwenye shungi, mna mlima. Ni stempu nzuri mno. Niliwahi kuziona kwa Mhindi mmoja wa Kisumu aliyekuwa akizikusanya katika daftari. Hamna baisikeli hata moja. Na wakati ule wakulima wa pamba wa Teso na Bukedi walikuwa tayari wananunua baisikeli kwa pesa za mavuno yao, wanapeleka magunia kwa mwenye mashine, wanarudi na mke nyuma na mtoto mbele. Chombo kilichobeba nchi hakikuingia katika picha ya nchi. Basi mchoro wetu wa pale mlangoni una ndugu wengi.

Nije sasa kwenye boda boda, maana vijana wengi wanadhani jina hilo lilizaliwa pamoja na pikipiki.

Pale Busia, kati ya lango la Kenya na lango la Uganda, palikuwa na zaidi ya mita mia nane. Matatu ya kutoka Kisumu iliishia lango moja, na gari la kutoka Kampala liliishia lango la pili. Gari likitaka kupita lilihitaji karatasi, bima, ushuru na subira. Abiria alibaki katikati na gunia lake, jua likimwangalia. Katika miaka ya 1960, na zaidi ile ya 1970, vijana wenye baisikeli waliona kwamba mita hizo mia nane ni kazi. Baisikeli haikuulizwa karatasi. Wakasimama kwenye malango wakiita abiria kwa Kiingereza cha mpakani, border, border, wakimaanisha nitakutoa mpaka huu hadi mpaka ule. Mdomo wa Kiswahili hauwezi kuacha neno bila vokali mwishoni, ndipo ikawa boda boda. Kutoka Busia kazi hiyo ikaenda Malaba, kisha miji mingine ya magharibi ya Kenya na mashariki ya Uganda. Leo neno hilo linatumika Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, na wengi wanaolitumia hawajawahi kuona mpaka wowote.

Mnaona, basi, kwamba jina hilo halikutolewa na mtengenezaji wa chombo chochote. Limetokana na ule uwazi kati ya nchi mbili, mahali ambapo hapakuwa pa Kenya wala pa Uganda. Nadhani katika ukumbi huu wapo watu wanaopafahamu mahali pa namna hiyo bila kufika Busia.

Baisikeli yenyewe ilitoka mbali. Ya kwanza kuheshimiwa ilikuwa Raleigh ya Uingereza, na baadaye zikaja nyingi za India na China. Nyeusi, nzito karibu kilo ishirini, gurudumu la inchi 28, breki za fito badala ya waya, gia moja tu. Huko kwetu tuliiita Black Mamba. Waliounda baisikeli hiyo kiwandani waliiundia mtu mmoja na pengine kifurushi cha barua. Mpakani ilibeba mtu mmoja, abiria, gunia la mahindi na kuku wawili. Kwa hiyo kila baisikeli mpya ilipitia kwanza kwa mafundi. Mchomeleaji aliongeza fito pembeni mwa uma wa mbele usivunjike. Akaimarisha keria ya nyuma kwa nondo. Akaweka mahali pa abiria kukanyaga. Halafu ililetwa kwangu.

Hapa naomba mniruhusu nijivunie kidogo.

Kiti cha boda boda hakikuwa mto wa kulalia uliofungwa kwa kamba. Chini kuna ubao uliotobolewa matundu manne ili maji ya mvua yatoke, kwa sababu kiti kinachonywa maji humnyima mwenyewe kazi kwa siku mbili. Juu ya ubao kuna matambara yaliyoshindiliwa, na juu ya matambara kuna kipande cha godoro. Ukiweka godoro peke yake abiria mnene hufika kwenye ubao kabla hajafika Uganda. Juu kabisa ni ngozi ya plastiki, imevutwa na kupigiliwa misumari midogo ya viatu, na ukingo wake umeshonwa kwa rangi tofauti. Kiti chote kilifungwa kwenye keria kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu.

Rangi nazo zilikuwa na sababu. Nyeusi ilipendwa na wageni wa kazi, maana inafanana na baisikeli. Wakishaegesha juani saa moja, mama mmoja akakaa na kuruka kwa kelele, walirudi kwangu kuomba nyekundu au buluu. Nyekundu iliyochangamka ilionekana pia kutoka mbali, na abiria aliyeridhika jana aliweza kumtafuta kijana wake leo katikati ya baisikeli hamsini.

Jambo ninalolipenda zaidi ni upande wa kushoto. Cheni ya baisikeli iko kulia. Mwanamke wa kwetu, kwa gauni au kwa leso, alikaa kwa upande, na akielekea kulia nguo yake ililiwa na cheni au ikapata mafuta meusi. Kwa hiyo wote walikaa wakielekea kushoto. Mwanzoni nilishona viti vilivyo sawa pande zote, na wateja wakalalamika kwamba akina mama wanateleza. Mama mmoja muuza samaki alinionyesha kwa kiganja chake: hapa ongeza vidole vitatu, na hapa inua kidogo. Nikaongeza vidole vitatu upande wa kushoto. Tangu siku hiyo kila kiti nilichoshona kilikuwa kipana kushoto kuliko kulia, na mafundi wengine wakaiga. Sikuwahi kumlipa mama yule, na ndiye mbunifu.

Baada ya hapo kulikuwa na mapambo. Nyuzi za kuning'inia pembeni, vioo vidogo, maua ya plastiki kwenye usukani, kipande cha mpira nyuma ya madigadi chenye maneno yaliyoandikwa kwa rangi. Wengine waliandika jina la Mungu, wengine jina la timu ya mpira, na mmoja aliandika jina la mchumba wake kisha akaja kulifuta kabla ya sikukuu. Mnakumbuka matatu za Kenya zilivyochorwa, na mwaka wa 2004 zikaamriwa ziwe na mstari wa manjano na michoro ifutwe. Baisikeli haikuguswa na amri hiyo. Labda hakuna aliyefikiri kwamba ni gari, wala kwamba ile ni sanaa.

Nakuja kwenye magendo, maana sikuahidi kuyaficha.

Ni kweli. Katika miaka ya 1970, baada ya Waasia kufukuzwa Uganda mwaka wa 1972 na viwanda kudorora, sabuni, chumvi na mafuta ya taa viliadimika upande ule, na vingi vilivuka kwa baisikeli usiku. Bei ya kahawa ilipopanda duniani mwaka wa 1976 na 1977, kahawa ya Uganda ilikimbilia Kenya kupitia kwenye vichaka, na soko la Chepkube chini ya Mlima Elgon likapata sifa ambayo wazee wa Bungoma bado wanaisimulia huku wanacheka. Baisikeli ilikuwemo. Lakini lori pia lilikuwemo, na wakubwa wenye malori hawakuwa wakilala korokoroni kama vijana wa baisikeli. Tukifuta kila chombo kilichowahi kubeba magendo, ukuta wetu utabaki na chokaa tu.

Aidha, chombo hichohicho kilibeba watu. Wakati wa Amin, na tena katika vurugu za miaka ya 1980, Waganda wengi walikimbilia Kenya kupitia Busia na Malaba. Miongoni mwao walikuwa walimu waliokuja kufundisha katika shule zetu. Mimi mwenyewe nilifundishwa hesabu na mmoja wao. Alivuka akiwa amekaa nyuma ya baisikeli, viatu mkononi, na vyeti vyake ameviweka ndani ya shati. Alitusimulia hayo darasani, nasi tulicheka kwa sababu tulikuwa watoto na kwa sababu hatukujua zamu huzunguka.

Na sijataja baisikeli za magurudumu matatu za wenzetu wenye ulemavu wa miguu. Wale waliozisukuma kwa mikono, na sanduku kubwa la bati limechomelewa nyuma, walikuwa wachukuzi hodari wa Busia. Sanduku moja lilibeba mzigo wa watu wanne, na vijana walikodiwa kusukuma kwa nyuma. Chombo kilichotengenezwa ili mtu asihurumiwe kikawa kinaajiri watu wazima wa miguu. Nami nilishona migongo ya viti vile. Mchoraji akipata nafasi, hicho nacho kinafaa.

Ndugu Mwenyekiti, sasa niseme jinsi sisi tulivyofika.

Uchaguzi wa Kenya ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, na matokeo yakatangazwa tarehe 30. Yaliyofuata mnayajua, sitayarudia mbele ya watoto. Watu wapatao 12,000 walivuka kuingia Uganda katika siku na wiki zile. Kibanda changu cha kazi kilichomwa moto usiku wa mwaka mpya. Aliyekichoma simtaji. Asubuhi nilitoka na mke wangu, watoto wawili, mama yangu mzazi ambaye mguu wake ulikuwa umevimba, na kichwa cha cherehani nilichokichomoa motoni. Tulifika langoni, na mama akaketi chini. Alisema hawezi tena, tutangulie.

Sitaki mdhani kwamba waendesha baisikeli wote walikuwa malaika. Siku ile wapo waliotoza shilingi mia mbili kwa safari ya shilingi ishirini. Niliwaona, na baadhi yao niliwashonea viti.

Akatokea kijana mmoja wa upande wa Uganda, Msamia, mteja wangu. Alishuka, akasimamisha baisikeli, akasema, "Fundi, mpandishe mama." Nikamwambia pesa niliyo nayo ni kidogo. Akasema, "Si bado nina deni lako la kiti?" Ni kweli, alikuwa amenilipa nusu tangu Oktoba, na nilikuwa nimemdai kwa maneno makali mbele ya wenzake. Tukampandisha mama akielekea kushoto, mguu mbovu juu ya nondo. Kijana akamwambia, "Mama, nishike kiunoni, usiogope." Akaenda. Akarudi akachukua watoto. Akarudi mara ya tatu akachukua kichwa cha cherehani, akakifunga kwa mipira kama mgonjwa. Mke wangu na mimi tulitembea nyuma yake.

Upande wa pili tuliambiwa kwamba litakuja lori la kutupeleka Mulanda, katika wilaya ya Tororo, kwenye kituo cha muda. Lori lilikuja jioni. Sakafu yake ilikuwa ya chuma tupu. Yule kijana alikuwa bado hajaondoka. Aliangalia sakafu ile, akamwangalia mama, akatoa kisu akakata mipira ya keria na kumpa mama kile kiti akalie. Kisha akaondoka na baisikeli yenye keria tupu, ambayo hakuna abiria angekubali kuipanda kesho yake.

Kiti chenyewe ndicho hiki kilichopo mezani mbele ya Mwenyekiti. Kilikuwa chekundu. Mama alikikalia hadi Mulanda, alikikalia kwenye foleni za mgao, na baadaye mwaka huohuo alikikalia ndani ya basi tulipoletwa huku Kiryandongo. Alikikalia mlangoni pake hadi alipotutoka mwaka wa 2013. Yule kijana sijamwona tena. Jina lake la ukoo sikuwahi kulijua, kwa maana kwenye daftari langu la madeni nilimwandika kwa rangi ya kiti chake.

Tulipoandikishwa, karani alituuliza tulivuka kwa chombo gani. Nilisema baisikeli. Fomu yake ilikuwa na nafasi ya miguu na nafasi ya gari. Alifikiri kidogo, akaweka alama kwenye gari. Simlaumu, alikuwa na watu mia wanaomsubiri, na mvua ilikuwa inaanza. Lakini ndiyo sababu naomba mchoro usirudie fomu ile.

Ndugu zetu Wakongo wanajua kwamba tunachoomba si kigeni. Kule Goma kuna chukudu, ile baisikeli ya mbao isiyo na pedeli, inayobeba makaa, viazi na saruji kutoka vijijini. Kuna waliowahi kuicheka. Mwaka wa 2009 mji wa Goma uliisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya barabara: mwanamume anasukuma chukudu, na tufe la dunia limepakiwa juu yake. Jirani yangu wa kitongoji cha pili ana picha aliyopigwa mbele ya sanamu hiyo. Hakuna anayeitazama na kusema kwamba watu wa Goma ni wachafu au wezi.

Huko mpakani mambo yamebadilika. Pikipiki zilianza Uganda katika miaka ya 1990, na upande wa Kenya zikaongezeka kwa kasi ushuru ulipopunguzwa mwishoni mwa miaka ya 2000. Mwezi wa Februari 2018 marais wa nchi zote mbili walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpaka pale Busia, ambapo msafiri anakaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Ni jambo jema, na lile jua la katikati limepungua. Waendesha baisikeli wamebaki wachache, wengi wao wazee, wanabeba mizigo midogo. Viti vya pikipiki vinakuja vimeshonwa tayari kiwandani, vipana sawasawa pande zote.

Kijana wetu mchoraji alivuka mwaka ule wa 2008 akiwa mgongoni mwa mama yake. Aliniambia kwa ukweli kwamba hakuichora baisikeli ya boda boda kwa sababu hajawahi kuiona. Wenzake wa rika lake ni hivyohivyo. Ndipo nilipoelewa kwamba siwezi kumlaumu yeye, maana mimi nilikuwa na kiti hiki ndani ya nyumba miaka yote hii na sikumwonyesha mtu.

Kwa hiyo ombi langu kwa Kamati ni hili. Lori libaki, basi libaki, gari jeupe pia libaki, kwa kuwa vyote hivyo vilitufaa na wenye kuviendesha wako hapa nasi. Upande wa kushoto wa ukuta, kabla ya lori, ichorwe baisikeli moja nyeusi kati ya malango mawili, na mama mzee amekaa nyuma. Rangi nyeusi tunayo, iliyobaki tulipopaka milango ya shule. Nyekundu nitanunua mimi.

Kiti nitamwachia mchoraji hadi amalize. Naomba akiweke kivulini, na asikioshe kwa sabuni kwa sababu nyuzi zimechoka. Akitazama nyuma, karibu na ukingo mweupe, ataona mshono mmoja uliopinda. Niliushona jioni moja stima ilipopotea, nikamwambia mwenyewe arudi kesho nimrekebishie. Asiunyoshe katika picha. Na akumbuke vile vidole vitatu upande wa kushoto.